Unabii, Vita na Makaburi ya Shakahola

Kila vita vinapozuka duniani, huku kwetu Malindi na Kilifi hakosekani mhubiri wa kuvitafutia aya. Urusi ilipoivamia Ukraine mwezi Februari 2022, Gogu na Magogu walirejea mimbarini. Vita vya Gaza vilipoanza Oktoba 2023, Har-Magedoni ikawa haina budi kutajwa. Desturi hii si ngeni wala si yetu peke yetu. Hata hivyo, mwambao huu umeilipia gharama ambayo haisemeki. Kuanzia Aprili 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, wakiwamo watoto wengi, na wengi wa marehemu hao walikufa kwa njaa. Mwaka 2025 miili mingine zaidi ya 30 ilifukuliwa Kwa Binzaro, si mbali na hapo.

Paul Mackenzie, aliyekuwa mhubiri mjini Malindi, alishtakiwa mwaka 2024 pamoja na wenzake kwa makosa mbalimbali, likiwamo la mauaji ya watoto 191, naye akayakana. Hukumu ni kazi ya mahakama. Sheria za kusimamia makanisa nazo zimekwisha kupendekezwa na jopo lililoongozwa na Mchungaji Mutava Musyimi, lililotoa ripoti yake mwaka huohuo wa 2024. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni isimu, nataka kuuliza jambo ambalo jopo na mahakama haviwezi kulimaliza: watu wetu wamefundishwa na nani namna ya kuisoma lugha ya unabii?

Tuchukue Ezekieli sura ya 38. Humo Gogu anatajwa pamoja na Mesheki na Tubali, na neno la Kiebrania *rosh*. Wahubiri wengi, wa ng'ambo na wa hapa, husema Rosh ni Urusi na Mesheki ni Moscow. Hoja yao yote ni mlio. Lakini *rosh* kwa Kiebrania ni kichwa, au mkuu, na wafasiri hadi leo wanabishana kama hapo ni jina la nchi au ni cheo. Mesheki na Tubali walikuwa watu wa Asia Ndogo, nchi ambayo sasa ni Uturuki, na kumbukumbu za Waashuri zinawataja. Moscow limetokana na jina la mto wake. Kufanana kwa sauti si undugu. Mpishi anayeagizwa mbuzi ya kukunia nazi akaleta kisu na kamba ya kuchinjia amelisikia neno barabara, ila hakuuliza lilisemwa jikoni au zizini.

Neno chapa nalo limetusumbua zaidi. Kiswahili kililipata kutoka Kihindi, na kwetu linabeba mengi: chapa ya ng'ombe, chapa ya bidhaa, kitabu kupigwa chapa. Kwa hiyo chapa ya mnyama katika Ufunuo huweza kubandikwa juu ya chochote chenye nambari. Mwaka 2019 ilikuwa Huduma Namba, ambayo Mackenzie naye aliihubiri hivyo. Baadaye ikawa chanjo ya korona. Walioandikiwa na kukisoma kitabu hicho kwanza walikuwa makanisa madogo ya Asia, Efeso na Smirna na mengineyo, chini ya dola ya Rumi. Wataalamu wengi huiona 666 kuwa jumla ya herufi za jina la Kaisari Nero zikiandikwa Kiebrania, na zipo nakala za kale zenye 616.

Najua nitajibiwa kwamba Yesu mwenyewe alitaja vita. Ni kweli, ila katika Mathayo 24 anawaambia wanafunzi wasitishike, kwa kuwa mwisho ungali bado. Tafsiri ya Muungano inasema "matetesi" ya vita, yaani tetesi, uvumi. Nimewasikia vijana wakilisoma neno hilo kana kwamba ni "mateso", na onyo dhidi ya uvumi likageuka kuwa tangazo la maangamizi. Mwaka 1844, Ludwig Krapf alipofika Mombasa na kuanza kuitia Biblia katika Kiswahili, kazi aliyoiendeleza Rabai, wafuasi wa William Miller kule Marekani walikuwa wakingoja Kristo arudi tarehe 22 Oktoba. Siku ikapita.

Hata neno kufunga lilipotoshwa. Mswahili, awe Mwislamu au Mkristo, akifunga hufungua. Huko msituni likabaki nusu yake tu.

Tusisahau kwamba mahubiri hayo, kabla ya kuwafikisha watu Shakahola, yaliwatoa watoto shuleni, na Mackenzie alishtakiwa Malindi kwa jambo hilo tangu 2017. Mtoto aliyetolewa darasani hana tena mahali pa kuuliza maana ya neno. Lakini je, aliyebaki darasani anapata pa kuuliza? Walimu kadhaa wa somo la Dini wameniambia kwamba wanafunzi wakiuliza kuhusu Ufunuo wao hulikwepa swali, wakichelea kuonekana wanaipinga imani ya wazazi. Nawaelewa. Hata hivyo, wanaoliachia swali hilo wanaliachia mtu mwingine, tena mwenye kipaza sauti. Naomba walimu wa Kiswahili na wa Dini washirikiane: watundike ramani ya Asia Ndogo ubaoni, wawape wanafunzi sura ya 13, na wawaulize nani alikuwa akimwandikia nani. Vipindi viwili vinatosha kuanzia.