Uswisi Ng'ombe ni Utalii, Loliondo Ng'ombe ni Mhalifu

Makamanda, kuna wimbo tumeimbiwa mpaka tumeukariri: mtalii hataki kuona ng'ombe. Eti Mzungu anakuja kuona simba, akikutana na ng'ombe wa Mmasai ananuna, dola zinapotea. Mimi nimekwenda kuwa mtalii kwa hao Wazungu wenyewe, na nawaambia wimbo huo ni uongo mtupu.

Septemba iliyopita nilitembea Uswisi siku nane. Nchi haina bahari, zaidi ya nusu yake ni milima, na bei zake, jamani, msiniulize. Sasa watalii wanafuata nini kule? Theluji, sawa. Treni ya kupanda mpaka Jungfraujoch, mita 3,454, iliyofika huko juu mwaka 1912, sawa. Lakini nilipofika Charmey, jimbo la Fribourg, nilikuta watu wamejaa pande zote mbili za barabara, simu na kamera juu. Wanasubiri nini? Ng'ombe! Msimu wa kiangazi umekwisha, ng'ombe wanashuka kutoka malisho ya juu, maua kichwani, kengele kubwa shingoni, na wafugaji wanatembea kifua mbele. Kuna watu wamekata tiketi ya ndege kuja kumtazama mfugaji akihamisha mifugo! Desemba 2023 UNESCO iliuingiza msimu huo wa malisho ya milimani kwenye orodha ya urithi wa utamaduni.

Na Serikali yao haiwafukuzi, inawalipa. Anayepandisha mifugo mlimani anapewa ruzuku, kwa sababu wanajua ng'ombe wakiondoka, vichaka vitameza majani, na mandhari ile inayouzwa kwenye kalenda itapotea.

Najua watetezi wa chama tawala watasema: lakini ng'ombe wenu ni wengi mno. Haya. Kijiji cha Törbel, jimbo la Valais, kiliweka sheria mwaka 1517 kwamba mtu asipeleke mlimani ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha wakati wa baridi. Sheria hiyo haikuletwa na mkuu wa wilaya. Wanakijiji waliitunga na kuisimamia wenyewe. Elinor Ostrom, aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2009, aliutumia mfano wa Törbel kuonyesha kwamba wananchi wanaweza kutunza mali yao ya pamoja. Hivi Mmasai aliyeishi na nyumbu vizazi kwa vizazi, ni yeye tu ndiye asiyeweza?

Sasa sikieni hii. Uswisi wana hifadhi moja ya taifa, tangu 1914. Wakataka kuongeza ya pili, Parc Adula, kwenye majimbo ya Graubünden na Ticino. Wakafanyaje? Walituma FFU? Waliamka siku moja wakasimika vigingi? Hapana. Maeneo 17, ambayo sisi tungeyaita kata, yaliitwa kupiga kura. Novemba 27, 2016, maeneo 8 yakasema hapana. Watu waliogopa masharti ya eneo la katikati, ambako uwindaji ungekatazwa na mtu asingeruhusiwa kutoka nje ya njia. Mradi ukafa. Juni 2018 wakajaribu tena upande wa Locarno, kata 6 kati ya 8 zikakataa. Nao ukafa. Hakuna aliyepigwa risasi. Hakuna aliyeitwa mchochezi. Hakuna aliyeambiwa si raia.

Uswisi si peponi. Wanawake wao walinyimwa kura ya taifa mpaka 1971, na benki zao zimeficha fedha za akina Mobutu na Abacha. Sisemi tuwaabudu. Nasema jambo moja wamelielewa: mlima una wenyewe, na wenyewe huulizwa kwanza.

Kwetu je? Juni 2022 Serikali ilikwenda Loliondo na askari, ikasimika vigingi kwenye kilomita za mraba 1,500. Askari mmoja akapoteza maisha, wananchi wakajeruhiwa, wengine wakavuka kwenda Kenya kutafuta matibabu. Sanduku la kura halikuonekana. Agosti 2024 likatoka tangazo la kufuta kata 11 na vijiji 25 vya Ngorongoro. Yaani si kwamba hawakuulizwa tu, hata kijiji cha kupigia kura kilifutwa! Ilibidi maelfu watoke barabarani, na Mahakama Kuu Arusha ikalisimamisha.

Kwa hiyo tusiishie kulalamika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa Rais uwezo wa kuhamisha ardhi ya kijiji kwa jina la maslahi ya umma. Hapo ndipo pa kushika. Tunataka sheria iseme wazi: bila kura ya siri ya wanakijiji, hakuna kigingi. Wakikubali, hifadhi ijengwe. Wakikataa, wataalamu warudi ofisini wakaandike mpango bora zaidi.

Kila kamanda amuulize mgombea wa jimbo lake, wa chama chochote, hadharani: uko tayari kuipeleka hoja hii bungeni? Akianza kuzunguka, tumeshampata. Huyo anataka dola za mtalii, hataki sauti ya mfugaji.

Ardhi kwanza kwa wenyewe. Aluta continua!