Kalamu nyekundu ilipita pasipostahili

Mwezi uliopita, katika zoezi la tafsiri, tulipewa makala fupi ya Kifaransa juu ya mashindano ya tenisi yaliyochezwa Melbourne mwaka 1905, kwenye nyasi za kiwanja cha kriketi, ambayo Rodney Heath alishinda. Makala iliandika wazi: Australasie. Karibu darasa zima tukaandika "mashindano ya kitaifa ya Australia". Mimi pia. Kalamu nyekundu ilikata neno "majani", ambalo ndilo tunalosema hapa Mikelenge, ikaweka "nyasi". Hilo "kitaifa" ikaliacha, na alama tukapata.

Naona hatukustahili.

Australasia ilijumlisha nchi mbili, Australia na New Zealand. Mwaka 1906 mashindano hayohayo yalivuka bahari, yakachezwa Christchurch, na mshindi akawa Anthony Wilding, mtoto wa mji ule. Mwaka 1908, Sydney, alishinda Mmarekani, Fred Alexander. Mwaka 1912 yakarudi New Zealand, mjini Hastings, akashinda James Cecil Parke wa Ireland. Hapo taifa ni lipi? Wilding na Norman Brookes wa Melbourne walitwaa Kombe la Davis mwaka 1907 wakiwa timu moja, ya Australasia. Jina la Australia peke yake lilikuja mwaka 1927. Ukiliweka kwenye mwaka 1905, umewanyang'anya watu wa New Zealand mashindano yao, tena bila kujua.

Mwenzangu mmoja ananipinga: msomaji wa leo anaifahamu Australia, hiyo nyingine haijui, na kazi ya mtafsiri ni kueleweka. Hoja hiyo si ya kudharau. Ila naomba tuijaribu nyumbani kwetu. Ukitafsiri barua iliyoandikwa Kindu mwaka 1905, utaweka "Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo" ili msomaji aelewe? Mwaka ule nchi hii ilikuwa chini ya Leopold wa Pili kama mali yake mwenyewe. Ubelgiji iliichukua mwaka 1908. Ukiandika jina la leo, Leopold anatoka kwenye barua, na kazi ya shuruti ya mpira inatoka pamoja naye. Wala huwezi kuandika "mkoa wa Maniema" kama tunavyouelewa sasa, maana Kivu iligawanywa mwaka 1988. (Mwaka huohuo, kwa bahati tu, Melbourne waliacha kuchezea nyasi wakahamia sakafu ngumu.) Cheti cha ubatizo cha babu yangu kinasema Kindu-Port-Empain. Hakuna aliyewahi kutaka kukisahihisha.

Ninachopendekeza ni kidogo: tuliache jina la wakati wake, na msomaji tumwongezee maneno machache, "mashindano ya Australasia, yaani Australia na New Zealand". Hayo yanatosha.

Kuhusu "majani", hapo sikubali. Mtu wa Kindu akisoma kwamba watu walicheza juu ya majani yaliyokatwa mafupi anaona kiwanja mara moja. Tunakuwa wakali kwa neno la mtaani ambalo halidanganyi mtu, tunalegea kwa jina linalodanganya.

Zoezi langu nimelirudisha kwa mwalimu, nikiomba anipunguzie alama palipo na "kitaifa" na anirudishie ile ya "majani". Amecheka. Amesema atalitazama baada ya mitihani.