Ziba Ufa wa Gego

Gego likikuuma hapa Kanja hukosi kusikia ushauri huu: "Ling'oe, kizibo cheupe hakidumu." Ushauri huo una chembe ya kweli na debe la hasara. Ni kweli kwamba katika magego kizibo cheupe huharibika upesi kuliko kile cha rangi ya fedha chenye zebaki. Hata hivyo, vingi hudumu miaka 10 au zaidi, na kikiharibika huweza kutengenezwa. Gego la utu uzima likisha kung'olewa halioti tena. Isitoshe, mwaka 2025 mataifa ya Mkataba wa Minamata yalikubaliana kuacha vizibo vya zebaki ifikapo mwaka 2034. Tutakimbilia wapi?

Adui wa kizibo si weupe wake. Mate yakiingia wakati wa kuziba, hakishiki sawasawa; na sukari ikilala ukingoni mwake usiku kucha, uozo huanza upya. La kwanza ni wajibu wa daktari. La pili ni lako. Basi piga mswaki kila usiku kwa dawa yenye floridi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kinywani hujengwa kwa gharama kubwa.