Usimfunge Mtoto Tumbo, Mrudishie Maji

Likizo ikikaribia, wengi wetu wa mijini tunaokwenda nyumbani Garsen hupitia duka la dawa kununua vidonge vya kufunga tumbo. Nia ni njema. Mto Tana ukifurika, uchafu wa vyoo huingia visimani. Novemba 2023 mafuriko yaliikata barabara ya Garsen kwenda Lamu, na mwaka huo kipindupindu kiliingia Kaunti ya Tana River.

Lakini je, msomaji, wajua vidonge hivyo hufanya nini? Vingi ni loperamidi. Dawa hii haiui viini vya ugonjwa; hupunguza tu mwendo wa matumbo. Kinachomuua anayehara ni kuishiwa na maji na chumvi mwilini, na kidonge hakirudishi hata tone. Ni kama kumfungia mwizi ndani ya nyumba.

Basi zingatieni haya. Mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe kabisa, kwani matumbo yaweza kuacha kufanya kazi. Mtu mzima naye asipewe iwapo anahara damu, ana homa kali, au choo chake ni kama maji ya mchele. Asiyekuwa na dalili hizo asizidishe siku mbili bila kumwona daktari, na tumbo likivimba aache mara moja.

Dawa ya kwanza ni ORS. Kila baada ya kuhara, mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100, na mkubwa kidogo 100 hadi 200, kwa kijiko au kikombe. Akitapika, ngoja dakika 10 kisha endelea polepole. Pakiti zikikosekana, koroga vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Ongeza zinki kila siku kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20, au 10 kwa aliye chini ya miezi sita. Aendelee kunyonya na kula.

Macho yakiingia ndani, mkojo ukikauka, au akilegea asiweze kunywa, mkimbize hospitali ya Ngao au Hola, huku ukimnywesha njiani kama anaweza kumeza.

Kwa hiyo safari ijayo, tia mkobani pakiti za ORS na zinki. Barabara ikikatika, matibabu yatakuwa yameshaanza nyumbani.