TAHARIRI: Mzigo wa ushahidi si wa mgonjwa

Keti asubuhi moja tu kwenye steji ya bodaboda hapa Mabanga, utaona simu zikipokezanwa: picha ya mama amelala kitandani, mrija umechomekwa ubavuni, na chini yake orodha ya wachangiaji, kila jina na mia mbili au mia tano zake. Harambee imehama kutoka uwanja wa shule hadi kikundi cha WhatsApp, nasi hatuna neno nalo. Tunachokemea ni swali linaloifuata picha ile: “Kwani anaugua nini hasa?” Jibu lisipowaridhisha wanakikundi, mchango hukauka.

Endometriosisi ni mfano ulio wazi wa ugonjwa usioelezeka kwa urahisi mbele ya kikundi. Tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi humea kwingine, wakati mwingine hata kifuani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa wanawake na wasichana wapatao milioni 190 wanaugua. Tiba ya kuumaliza haijapatikana, na wengi hukaa miaka bila kutambuliwa, kwa maana wakilia huambiwa ni maumivu ya mwezi, watapoa wakishazaa. Mtangazaji Njambi Koikai, kipenzi cha mashabiki wa rege, alihangaika zaidi ya miaka kumi kabla ya kuelezwa ni nini kilichofanya mapafu yake yanywee mara kwa mara. Mwaka 2018 Wakenya walimchangia, akaenda kutibiwa Atlanta, Marekani. Alifariki Juni 3, 2024.

Njambi alikuwa na jina, kipaza sauti na ujasiri wa kulieleza taifa habari za hedhi yake. Binti aliyeolewa hapa Mabanga atawezaje? Kikundi kinachomchangia kina wajomba zake, kina mchungaji, kina baba mkwe ambaye kwa mila zetu hathubutu hata kukaa naye karibu. Ndio hao wanaodai aeleze anatokwa damu wapi, ndipo wamtumie nauli ya Eldoret. Huo ni ukatili, hata ukifanywa na watu wenye nia njema.

Daktari ana wajibu wa kuandika kwa lugha inayoeleweka amepima nini, ameona nini na nini bado hakijajulikana, na kumkabidhi mgonjwa barua hiyo bila kubembelezwa. Ikasomwe na watu wawili watatu aliowachagua mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu hali ya afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Uadmini haumpi mtu ruhusa ya kuisambaza. Maswali makali aulizwe mganga au kliniki inayoahidi kuponya kabisa kisicho na tiba, tena kabla pesa hazijatumwa. Naye mwekahazina aulizwe risiti.

Maadmini wa Mabanga, Bungoma mjini na Kitale waanze leo. Wafute picha za wagonjwa zilizotumwa bila idhini, wabakize hesabu ya mchango na nambari ya kutumia pesa.