Mwenye Kutunza Nyumba na Atunze Habari Zake

Huko Uingereza kuna shirika la hisani liitwalo National Trust, lililoundwa mwaka 1895 na Octavia Hill, Robert Hunter na Hardwicke Rawnsley. Mwaka 1896 lilinunua jengo lake la kwanza, nyumba ya kale ya kasisi kijijini Alfriston, kwa pauni 10 tu. Sheria ya mwaka 1907 ililipa uwezo wa kuifanya ardhi yake na majengo yake kuwa mali isiyouzwa, jambo linalokaribiana na wakfu tuujuao. Leo lina wanachama zaidi ya milioni 5. Kazi hiyo ni njema, nasi hatuibezi.

Ugomvi ulizuka Septemba 2020, shirika lilipotoa taarifa kwamba mahali 93 panapotunzwa nalo pana uhusiano na ukoloni au utumwa. Ngome ya Penrhyn, huko Wales, ilijengwa na ukoo uliotajirika kwa mashamba ya miwa ya Jamaika yaliyolimwa na watumwa. Katika ngome ya Powis zimo hazina za Bara Hindi zilizokusanywa na Robert Clive na jamaa zake. Baadhi ya magazeti na wabunge walighadhibika. Walitaka shirika lishughulikie mapaa na bustani, liiache historia. Tume inayosimamia mashirika ya hisani ilichunguza, na Machi 2021 ikaamua kwamba hakuna sheria iliyovunjwa.

Hoja ya waliokasirika haina msingi. Wanadai kuwa kuyataja hayo ni kuwatukana wazee wao. La hasha! Wazee wenyewe waliyaandika katika daftari zao za hesabu. Sheria ya mwaka 1833 ya kukomesha utumwa iliwatengea mabwana fidia ya pauni milioni 20, na mwenye Penrhyn alikuwa miongoni mwa waliolipwa. Watumwa hawakupewa hata senti. Je, anayezuru ngome hiyo aonyeshwe dari zilizonakshiwa, asiambiwe ni jasho la nani lililozilipia?

Lakini, ndugu walimu, tusije tukaambiwa nyani haoni kundule. Sisi tufundishao Kiswahili huku bara nasi tumekabidhiwa nyumba ya kale. Kiswahili kilitufikia kwa misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa hadi Manyema. Misafara hiyo ilitafuta pembe za ndovu, na ilinunua na kuteka watu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alituachia tawasifu iliyo miongoni mwa za kwanza katika lugha yetu. Nathari yake yasifiwa, na yastahili sifa. Mwandishi wake alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa.

Wapo wenzetu wanaoshauri kwamba habari hizo zirukwe darasani, wanafunzi wasije wakakichukia Kiswahili. Ushauri huo twaupinga. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wanafunzi wa huku wamekwisha kuyasikia kwa bibi na babu zao. Mwalimu akinyamaza, watamwona mwongo, na lugha anayoifundisha wataiona ya uongo vilevile.

Tena, anayenyamazia utumwa huwanyamazia pia waliokiokoa Kiswahili mikononi mwa mabwana. Wapagazi, wachuuzi wa sokoni na wachimba migodi wa Katanga walikifanya kuwa chao, wakakitumia kupatana bei, kuposa na kuimba. Heshima hiyo hatutaweza kuwapa tukificha walikoanzia.

Kwa hiyo yatupasa tuisome tawasifu hiyo darasani, ramani ya njia za misafara ikiwa ukutani. Tuwafundishe wanafunzi ufasaha wake, kisha tuwaulize: pembe hizo zilibebwa na mabega ya nani, na kwa nini majina yao hayamo kitabuni?