Si Kosa la Refa Linalotuchoma, Ni Vile Wanatunyamazia

Rudi kidogo hadi Ijumaa ya Agosti 22, 2025. Kasarani imejaa, jezi nyekundu kila mahali, na kama hukupata tiketi basi uko kwa kibanda fulani mtaani, umebanwa kati ya wasee wawili ambao hata majina yao huyajui. Robo fainali ya CHAN, Harambee Stars dhidi ya Madagascar. Dakika ya 48 Alphonce Omija anafunga, na kibanda kizima kinaruka. Mtu nyuma yako anaanza kupiga hesabu ya nusu fainali.

Halafu VAR inaingia. Mkono, tena wa Omija huyo huyo. Penalti. Fenohasina Razafimaro anaweka ndani dakika ya 69, inakuwa moja moja, muda wa ziada unaisha hivyo, na Madagascar wanapita kwa mikwaju, 4-3. Safari imekatika hapo hapo nyumbani.

Usiku huo kila base ilikuwa na swali moja tu: tumeibiwa ama hatujaibiwa?

Mimi sitakuambia kama ile penalti ilikuwa halali. Nataka tubonge kuhusu kitu kingine. Ulitoka pale ukiwa umekasirika, lakini kuna mtu alikuelezea refa aliona nini? Kwa kibanda chetu hakuna. Tuliona mtu akikimbia hadi kwa skrini, akarudi, akaonyesha pale katikati ya boksi. Basi. Hayo mengine tulijazia wenyewe.

Sheria yenyewe si rahisi hivyo

Wengi wetu tulikua tukiamini mpira ukigusa mkono ni kosa, stori imeisha. Si hivyo. Sheria inasema si kila mguso wa mkono ni kosa. Ni kosa kama umekusudia kugusa mpira, ama kama umefunga goli moja kwa moja kwa mkono, ama kama mkono wako umefanya mwili uwe mkubwa kuliko vile ungekuwa kwa kawaida kwenye mwendo ule.

Soma hiyo ya mwisho tena. "Mwili uwe mkubwa." Hakuna futi ya kupima hiyo kitu. Ni jicho la binadamu linaamua. Marefa wawili waaminifu wanaweza kuangalia klipu moja, huyu aseme penalti, yule aseme cheza, na hakuna hata mmoja amelishwa kitu.

Na VAR nayo haikuletwa kuchezesha mechi. Ilianza na kazi chache: goli, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na refa akimpa kadi mchezaji ambaye si mwenyewe. Hata hapo inafaa kuingilia tu kama kuna kosa la wazi kabisa. Hiyo ndiyo maana kuna faulo unaiona na macho yako, unapiga kelele "VAR iko wapi?", na VAR imetulia. Si lazima iwe imelala. Pengine haina ruhusa.

Sasa jiulize: haya yote tungeelezwa Agosti ile, hasira ingeisha? Hapana. Lakini tungekuwa tunabishana kuhusu mkono wa Omija. Badala yake tulibishana kuhusu nani amelipwa.

Uingereza walikosea vibaya zaidi

Kama wewe ni wa Liverpool, samahani, lazima nikurudishe Septemba 30, 2023. Ugenini kwa Tottenham, bado ni sufuri sufuri. Luis Díaz anafunga, kibendera kinainuka, ofsaidi. VAR inaangalia, na picha inaonyesha wazi kwamba Díaz alikuwa sawa kabisa. Goli halali.

Lakini jamaa wa VAR, Darren England, alidhani refa uwanjani alikuwa amelikubali goli. Kwa hivyo akaambia uwanja kwamba amemaliza kuangalia na mambo yako sawa. Yeye alimaanisha "goli ni sawa". Uwanjani wakaelewa "ofsaidi ni sawa". Mpira ukaanzishwa. Sekunde chache baadaye kule kwa chumba cha video wakashtuka, lakini wakasema mchezo ushaanza tena na hakuna cha kufanya. Liverpool wakamaliza na watu tisa, wakapigwa 2-1, goli la mwisho likiwa la kujifunga la Joel Matip dakika za nyongeza.

Hiyo ni makosa ya aina gani? Mashine ilifanya kazi yake. Mistari ilichorwa vizuri. Watu wawili walishindwa kuelewana kwa maneno mawili, kama vile wewe hupigia boda simu unamwambia "niko hapa" na yeye yuko hapa nyingine.

Angalia vile ilishughulikiwa, sasa. Usiku huo huo bodi ya marefa wa Uingereza ilikubali hadharani kwamba ni kosa kubwa la binadamu. Siku tatu baadaye wakatoa sauti yote ya chumba cha VAR, dunia nzima ikaskia wale jamaa wakigundua wameharibu, na wakiapa juu kwa juu. Wakaahidi pia kubadilisha jinsi VAR na refa wanavyoongea.

Mashabiki wa Liverpool walisamehe? Wapi! Hadi leo ukitaja hiyo mechi kwa kibanda kuna mtu atakataa chai. Jürgen Klopp mwenyewe alitaka mechi irudiwe. Lakini ugomvi ulibadilika. Ilikuwa ngumu sana kuendelea kusema "walitumwa" baada ya kuskia zile sauti zikitetemeka. Ikabaki "hawa watu hawajui kazi". Na hiyo angalau unaweza kurekebisha: unamtoa mtu, unabadilisha utaratibu, unamfunza mwingine. "Walitumwa" hairekebishiki. Ikishaingia kichwani, kila filimbi inakuwa ushahidi.

Kuna pia walioenda mbele zaidi. Kombe la Dunia la wanawake la 2023, refa alikuwa anashika maiki na kuambia uwanja mzima uamuzi wake baada ya kuangalia video. Januari 2025 Uingereza wakajaribu hiyo kwa nusu fainali za Carabao Cup. Ni sentensi moja tu, lakini yule shabiki wa juu kabisa kwa jukwaa anaenda nyumbani akijua ni nini kilitokea.

Na sisi je?

Ligi yetu haina VAR. Tuache kuota kuhusu hiyo kwanza, kwa sababu kuna viwanja vyetu ambavyo hata kamera ni moja na imewekwa juu ya ngazi. Kwa hivyo refa wa hapa ana macho yake, vibendera wawili, na sekunde moja. Atakosea. Hata wewe ungekosea.

Shida ni kile kinachofuata. Mechi inaisha, kamishna wa mechi anaandika ripoti yake, inaenda ofisini, na hapo ndipo inazikwa. Wewe uliyelipa kiingilio huwezi kuisoma. Refa haruhusiwi kubonga ovyo na wanahabari. Klabu inaandika barua ya malalamiko, unaskia wamelalamika, na jibu huliskii. Wiki inayofuata unakutana na refa yule yule, na hujui kama alikosea, kama alikuwa sawa, ama kama aliadhibiwa kimya kimya.

Na tusijifanye shuku zetu zimetoka hewani. Juni 2018, siku chache kabla ya Kombe la Dunia la Urusi, Mkenya aliyekuwa kwa orodha ya vibendera, Aden Marwa, alijiondoa baada ya video ya siri ya mwanahabari wa Ghana, Anas Aremeyaw Anas, kumwonyesha akipokea dola 600. CAF ikamfungia maisha. Hiyo si porojo za kwa base, hiyo ilitokea. Italia nako, 2006, Juventus walishushwa daraja na kunyang'anywa mataji kwa sababu ya sakata la marefa. Kwa hivyo mtu akikuambia mashabiki wanapenda tu kuota njama, mkumbushe hizo mbili.

Lakini hapo ndipo kunyamaza kunaumiza zaidi. Kama wizi upo, na makosa ya kawaida yapo, na yote mawili yanapewa kimya sawa, wewe utayatofautisha aje? Huwezi. Mwizi anajificha nyuma ya makosa, na refa msafi anabeba mzigo wa mwizi.

Bili inafikia nani

Kwanza inakufikia wewe. Najua kuna wasee hapa goli likikataliwa na VAR hawalii sababu ya timu, wanalia sababu ya mkeka. Soo mbili za lunch zimeenda kwa ofsaidi ya kucha. Ukiamini mechi zinauzwa na bado unaweka doh, hapo, rafiki yangu, unajiibia mwenyewe.

Pili inafikia timu. Machi 18, 2012, Mashemeji derby pale Nyayo, Ali Abondo wa Gor Mahia alipewa kadi nyekundu. Mashabiki wakachemka, viti vikang'olewa, mawe yakarushwa, mechi ikasimama, na baadaye Gor wakafungiwa viwanja. Kadi moja. Aliyekuja na mtoto wake kuona ball siku hiyo, unadhani alirudi?

Tatu, na huyu ndiye hatumfikirii, inafikia refa mdogo. Si yule wa Kasarani anayesindikizwa na karao. Ni yule wa ligi ya chini, anayekuja uwanjani na matatu akiwa na begi lake, na kurudi na matatu hiyo hiyo mkiwa mmekaa pamoja. Marefa wetu wamelalamika mara kadhaa hadharani kwamba pesa zao zinachelewa. Sasa mtu alipwe kidogo, alipwe kuchelewa, na kila wikendi atoroke mawe. Nani mwenye akili atataka hiyo kazi? Wazuri wanaacha. Wanaobaki ni wale wanaoipenda sana, na wale wanaojua kuna njia nyingine ya kulipwa. Hapo tumejitengenezea tena lile tatizo tulilokuwa tunalia kulihusu.

Tunachofaa kuitisha

Uongozi wa FKF chini ya Hussein Mohammed uliingia Desemba 2024 na ahadi ya mabadiliko. Hii haihitaji mamilioni ya mashine. Inahitaji simu, mtu mmoja anayejua sheria, na ujasiri kiasi.

Kila wiki, chukua maamuzi matatu yaliyoleta kelele. Toa klipu. Mtu wa kamati ya marefa akae mbele ya kamera dakika tano aseme: hapa refa alikuwa sawa kwa sababu hii, hapa alikosea, na tumemwambia. Bila kumdhalilisha mtu. Refa akisimamishwa, tuambiwe amesimamishwa mechi ngapi. Na alipwe kwa wakati, kwa sababu ni ngumu kudai usafi kwa mtu umekalia mshahara wake.

Wewe nawe una kazi yako. Wikendi hii ball ikileta ngori, kabla hujapost "refa ameuzwa", jiulize swali moja: hili ni kosa la macho, ni kosa la kutojua sheria, ama una kitu mkononi kinachoonyesha ni wizi? Kama ni la kwanza, tukana kidogo, kunywa maji, songa. Kama ni la pili, itisha maelezo, na usichoke kuitisha. Kama ni la tatu, toa ushahidi.

Kuhusu ile ya Omija, mimi nimeiangalia mara nyingi kuliko inavyofaa kwa afya ya mtu. Siku nyingine naona penalti, siku nyingine sioni. Ningependa tu mtu aliyekuwa kwa kile chumba aniambie yeye aliona nini.